Kabla Hujatoa Pesa

Kabla hujatoa pesa, kaa hapo kwenye kreti.
Hedifoni hizi nimezitengeneza mwenyewe, hapahapa Mwanjelwa,
na ubaya wake naujua
kama mama amjuavyo mtoto wake mdokozi.

Vikombe ni mparachichi ulioangushwa na upepo kule Tukuyu.
Waliniambia mti ule haufai hata kuni.
Nilikata, nikapiga msasa siku tatu;
cha kulia kikatoka laini kama yai,
cha kushoto kikatoka na ufa.
Nimeuziba kwa gundi na vumbi la mbao yenyewe.
Hata usingeuliza, ningekuonyesha.

Matumbo nimeyatoa kwenye spika zilizokufa, za Tunduma.
Besi inajigamba kama shemeji aliyenunuliwa soda:
inaingia kabla ya hodi,
inakalia kiti cha mwenye nyumba.
Mwanzoni niliipenda. Vijana wa bodaboda wakaipenda zaidi.

Kisha akaja Tusekile, aimbaye sauti ya pili kwaya ya Uyole.
Nikamvika, nikamwekea rekodi yao wenyewe.
Akasikiliza hadi mwisho, mikono mapajani,
akazivua, akauliza polepole:
"Sisi tuko wapi?"

Nililala na swali lile.
Alfajiri nikatoboa matundu saba kila kikombe, kwa msumari wa moto.
Sauti ya pili ikarudi,
nyembamba, lakini ikarudi,
na kwa matundu hayohayo ikaingia mashine ya kusaga ya Ambilikile,
ambayo hakuna kwaya iliyoialika.

Waya unakwaruza ukigeuza shingo kulia.
Tazama mbele, kama unapigwa picha ya pasipoti.
Zinabana pia. Mwenye miwani atanitaja jioni, na si kwa sala.

Pedi tu ndizo ninazoweza kuziapia: ngozi ya kondoo, ya Makete.
Usiku wa Juni, Ambilikile akishafunga mashine
na baridi ikishuka kutoka Loleza,
huzivaa bila kuchomeka waya popote.
Masikio yanapata moto, mji unasogea mbali,
na kimya ninachokisikia humo
hakina ufa, hakina mkwaruzo,
hakimfichi mtu nyuma ya besi.
Bahati mbaya, hicho sikukitengeneza mimi.

Elfu arobaini na tano.
Bei tunaweza kuzungumza.
Kasoro unachukua zote.