Kihispania cha Viraka

Ijumaa, feri ya Chacao ilitushusha mvuani
watu sita, mabegi kumi,
kwa kuwa Joris hajui kusafiri bila viatu vya ziada
wala kuvaa vile vinavyofaa.

Miezi mitano hatujaonana.
Tulikuwa tumepandwa mji mmoja mmoja, kama mbegu ya majaribio:
Nattaya Osorno, kwa daktari wa ng'ombe,
Joris Temuco, Aybüke Valdivia,
mapacha wa Denmaki mmoja huku, mmoja kule, kwa amri ya mama yao,
na mimi Puerto Varas, chumba kinachotazama volkano
ambayo kwa siku mia na hamsini nimeiona mara nne.

"Na kwenu wanakula mkate usiku badala ya chakula?"
"Hata kwetu!"
Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Bi Uberlinda Barría alitutazama miguu, akaguna,
akatugawia soksi za sufi, akachochea kuni.
Kisha mate: kibuyu kimoja, mrija mmoja, midomo minane.
Nattaya akafyonza, akasema asante,
na tangu hapo kibuyu kikawa kinamruka.
Raundi ya pili, patupu. Ya tatu, patupu.
Nani angemwambia kwamba huku asante ni kusema nimetosheka?
Adabu ya kwao ilimlaza na kiu.
Joris yeye aliukoroga mrija kama mwiko wa uji,
na Nahuel, mjukuu wa nyumba, akafumba macho
kama aliyeshuhudia ajali.

Jumamosi tukachimba shimo.
Mawe kwanza, yakapikwa hadi yakawa mekundu,
juu yake kome, soseji, viazi vya zambarau,
juu yake majani ya nalca, mapana kuliko miavuli
(Aybüke alijifunika moja hadi alipofokewa),
juu ya yote udongo wenye nyasi zake,
na juu ya udongo, mvua, ambayo haikualikwa.
Tulikaa tukilinda moshi kama watu wanaolinda siri.
Lilipofunuliwa shimo, hakuna aliyesema neno kwa robo saa.
Pacha mmoja alilia. Alisema ni moshi.

Usiku, karata, na Kihispania chetu cha viraka:
Joris anameza kila s kama watu wa Temuco,
Nattaya anafunga kila sentensi kwa "po",
ukikwama, jirani anakukopesha neno lake,
naye asipokuwa nalo, mikono inapepea hewani
mpaka maana ipate pa kutua.

"Kesho nikifika nyumbani," Nattaya akasema,
"nitalala siku mbili."
"Nyumbani Lampang?" Aybüke akamtania.
"Osorno," akajibu,
halafu akayasikia maneno yake mwenyewe.

Kuni zikapasuka jikoni.
Nilizitazama karata zangu kana kwamba zina maandishi.
Jumatano nilikuwa nimesema hivyo hivyo kwenye simu,
mama yangu akiwa upande wa pili, Ljubljana.
Alinyamaza kidogo,
kisha akaniuliza kama kuna baridi.

Ndipo Joris, Mungu ambariki, akatupa mezani
karata ya mchezo mwingine kabisa,
tukamvamia kwa mito
hata Bi Uberlinda akagonga ukuta mara tatu,
na mara ya nne akaja na mto wake.

Jumapili sikumbuki sana. Feri, pua nyekundu,
pacha wakiagana kwa kupeana mikono kama mabalozi,
kisha wakirudiana mbio.

Nimefungua begi sasa hivi.
Soksi moja ni yangu, ya kijivu.
Ya pili ni ya kahawia, inaweza kumfaa jitu,
na inanuka moshi wa shimo letu.
Yangu nyingine itakuwa Temuco, inabana kidole cha mtu.
Sitaidai.

Nimezivaa hivyo hivyo, nikasogea dirishani.
Volkano iko nje, yote, mpaka kileleni.
Mara ya tano.