Kumi ya Jirani

Duri alitugawia kwanza vizibo vya masikio, si bunduki.
Bunduki ilikuja baadaye, tupu, kinywa wazi,
naye akamwambia Aita wangu, miaka kumi na miwili:
"Chungulia ndani. Chungulia tena.
Hata nikiapa haina kitu, usiniamini."

Nusu saa, risasi hakuna.
Kifudifudi, viwiko mkekani,
kidole nje ya kifyatulio
kama mgeni ambaye hajaitikiwa hodi.
Nje, theluji ya Mei ilikuwa ikidondoka paani,
na mimi kwenye benchi
nimelifumbata neno langu la hapana
tangu nyumbani.

"Hakivutwi," Duri alisema, "hukamuliwa."
Aita akacheka. Kukamua anakujua,
kila alfajiri, ng'ombe kumi na mmoja.

Vuta pumzi.
Itoe nusu.
Ngoja.

Mlio ukaenda mlimani, ukarudi umechoka.
Duri akainamia darubini, akakaa sana.
Karatasi ya Aita nyeupe, haina hata kovu.
Akaisogeza darubini kidogo kushoto.
"Kumi," akasema. "Kumi ya katikati kabisa.
Kwa Jachen."

Jachen, ambaye hata hajajaza yake,
akavua kofia akashukuru.

Aita alijiandikia sifuri daftarini,
kubwa, ya duara, kwa mkono wake mwenyewe.
Hakubisha.

Kwenye basi la manjano, kona baada ya kona
zikiteremka Engadin,
alikuwa akitoa pumzi nusu, akingoja,
na mimi, neno langu bado mkononi,
nikajikuta nangoja naye.