Nyumba ya Arobaini na Saba

Glasgow, Februari. Lifti imekufa tena.
Nikapanda ghorofa kumi na moja na mkoba wa vipimo,
na mlango ulipofunguliwa nilikuwa natweta
hata Struan, mwenye miaka minane,
akanitazama kwa huruma ya mtu mzoefu:
"Keti kwanza. Usiongee. Itoe polepole."

Mimi ndiye niliyekuja kumpima pumzi.

Mama yake, Elspeth, aliweka birika jikoni
akalizima kabla halijachemka.
"Mvuke," alisema. Basi.
Tukanywa maji ya vuguvugu yenye rangi ya chai.

Ukungu nje, umelala juu ya mto Clyde.
Ukungu ndani, umeota nyuma ya kitanda.
Jina moja kwa wageni wawili,
na hakuna kati yao aliyewahi kupiga hodi.

Kwenye faili hii ni nyumba ya arobaini na saba.
Majina hatuandiki. Unyevu wa ukuta tunauandika,
na madirisha mangapi, na mangapi yanafunguka,
kama kuna zulia, kama kuna paka,
nani anavuta sigara, na wapi,
mara ngapi kwa wiki kifua kimemwamsha mtoto.
Nikampa bomba: puliza, kwa nguvu, mara moja.
Kishale kikapanda mpaka mia moja na sitini, kikachoka.
"Kwa bibi, Portree, kilifika mia mbili na kumi," alisema,
"na siku hiyo nilikuwa nimekimbizana na mbwa."

Kisha akasogeza kitanda.

Doa jeusi, pana kama meza, lenye rasi na ghuba zake,
na kulizunguka, mistari ya penseli,
mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja na tarehe:
Septemba tatu.
Septemba thelathini.
Oktoba, siku jino lilipong'oka.
Desemba doa limeipita soketi ya umeme.
Januari limefika usawa wa mto wa kulalia.

Nina shahada mbili na ufadhili wa miaka mitatu.
Sijawahi kukusanya kitu safi kama kile.
Nikapiga magoti kwenye zulia bichi, nikapiga picha.

Barua ya wenye jengo imebanwa na sumaku kwenye friji:
ukuta hauna kasoro;
unyevu unatokana na mazoea ya wapangaji,
yaani kupika, kuanika nguo, kuoga, kupumua.
Nikaisoma tena. Kupumua.
Limekaa pale mwishoni, baada ya mkato,
kama tabia ambayo mtu angeiacha
akijitahidi.

Nilikuwa nafunga mkoba Struan aliponivuta mkono.
"Usiku huwa naibana," akanong'ona. "Nahesabu.
Juzi nilifika thelathini na nne.
Ukuta ukikauka, utaandika ni mimi?"

Pumu, pumua, pumzi, pumzika:
maneno yanayofanana kama ndugu wa tumbo moja,
na mtoto huyu amekatazwa matatu, kaachiwa la kwanza.

Dodoso lina kurasa kumi na nne.
Nililipekua lote nikiwa nimekaa kwenye ngazi,
ghorofa ya saba, taa ikizimika kila dakika
nami nikipunga mkono iniwakie.
Hakuna kisanduku cha jambo lile.
Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo,
nikijua mwenye takwimu atalifuta:
*mtoto anabana pumzi ili kuusaidia ukuta.*

Aprili walikuja na ndoo ya rangi. Saa mbili, wakaondoka.
Mei nilirudi kwa kipimo cha mwisho:
chumba cheupe, harufu kali, kishale mia moja hamsini na tano.
Elspeth alisimama mlangoni, mikono kifuani, asiseme neno.

Lakini ukikaribisha uso sana
penseli bado inaonekana chini ya weupe,
na ng'ambo ya mstari wa Januari
kuna nukta moja, ndogo kama punje ya ulezi.

Struan alikuwa amekwishaiona.
Alikuwa sakafuni, anachonga penseli.