Nionyeshe Tena

Mtathmini alifika Makutupora Jumanne, na begi jeusi,
vibao vya rangi nne, penseli mbili, saa ya kupimia sekunde.
Upepo wa Oktoba ulikuwa umeshapekua kila kitu,
hata madaftari yetu ya miaka mitano.

Nilijieleza upesi, kama mshitakiwa:
kwamba Ndahani ametimiza kumi na mitano,
kwamba darasa la tatu walimkalisha nyuma, karibu na mafagio,
kwamba nilimtoa, nikamfundisha mwenyewe, jikoni, kwa mkaa ukutani,
na kwamba *b* na *d* bado zinamtoroka
kama mbuzi wa kununua, usiku hurudi zizi la zamani.

Alinisikiliza huku akinitazama mdomo.
Maana swali la kwanza nililijibu mimi.
La pili nilikohoa.
La tatu nilinyoosha kidole, kidogo tu, chini ya meza.

"Mama Ndahani," akasema, kwa upole wa mtu aliyezoea,
"naomba ukatuangalizie zabibu."

Zabibu zilikuwa zimeshavunwa, mashina yamepogolewa,
kila tawi limeachiwa macho mawili.
Nikasimama katikati ya mistari, nimeuma pindo la kanga.
Dirisha wazi. Ndani kimya,
kimya kirefu kuliko chochote nilichowahi kumruhusu mwanangu.
Kwangu kimya hakimalizi pumzi tatu
sijakijaza jibu.

Nikahesabu. Ishirini. Arobaini.
Kibao kikaanguka sakafuni; miguu ikataka kurudi, nikaikemea.
Halafu sauti yake, ile inayovunjika siku hizi,
nusu ya mtoto, nusu ya baba yake:
"Nionyeshe tena. Polepole. Usimalizie."

Usimalizie.
Miaka mitano sijawahi kulisikia neno hilo,
au lilianza kutamkwa
nikalimalizia.

Jioni akanipa karatasi.
Nilitafuta "hawezi", haikuwepo.
Nilitafuta "ataweza", nayo haikuwepo.
Kulikuwa na safu mbili:
peke yake, vibao vitatu kati ya kumi;
akionyeshwa mara moja kisha akaachwa, vinane.
Akaweka kidole katikati ya safu, pale peupe.
"Nilikuja kupima hapa.
Kusoma kutamchosha, sikudanganyi. Pengine maisha yote.
Lakini hapa pana njia, na anaijua kuliko sisi."
Nikamfungia karanga kwenye gazeti, nikamsindikiza hadi barabarani,
njia nzima nikiogopa kuuliza
safu yangu mimi ingesomekaje.

Asubuhi hii Ndahani anafunga shati, kuanzia chini.
Kifungo cha kwanza kimeingia tundu la pili,
upande mmoja wa shati unapanda kilima.
Naona. Anaona kwamba naona.
Nimeikalia mikono yangu.
Chai inapoa.
Amefika kolani, kifungo kimekosa tundu,
ameduwaa,
anaanza kufungua.