Saa ya Mashine

Flopi ilikuwa ndani ya kopo la biskuti,
pamoja na vifungo na hati ya nyumba ya Wete.
Juu yake, kwa biro: KARAFUU. USIFUTE.
Mwandiko wa shangazi Mwanakhamis, karani wa mizani.

Kisomeo nimeazima kwa fundi wa Limbani.
Nikaunda mashine pepe ndani ya laptopu,
nikacheka peke yangu: basi hii laptopu ni kiti,
na mkongwe huyu ndiye anayepanda.

Akapanda. Kioo cheusi, herufi nyeupe.
Hakutaka ubani, hakutaka marashi.
Aliuliza tu: leo tarehe ngapi? Saa ngapi?
Sikumjibu. Nikabonyeza, akapita.

Mafaili kumi na moja.
Jina halikuruhusiwa kuzidi herufi nane,
basi Makangale imebaki MAKANGAL,
na mwenyewe kajikata: MWANAKHA.
Magunia, makonyo, deni la Hamadi Faki.
Na saa za kuandikwa: 2:10, 3:40, 4:55.

Usiku wa manane! Nikamwonea huruma,
mtu mzima, halali, anahesabu karafuu za watu.

Hata nikaikumbuka saa yake ya mkono.
Saa mbili na dakika kumi, asubuhi,
ofisi ndiyo kwanza inafunguliwa.
Aliisomesha mashine saa ya kwetu,
na mashine ikakubali.

Nikaizima. Nikaiwasha tena.
Leo tarehe ngapi? Nikaandika.
Saa ngapi?
Nje jirani anatandika jamvi, anaanika.
Nikaandika 3:20.