Kineno cha Katikati

Ghala la mabondo, Kirumba, nyuma ya mwalo.
Daftari langu linanuka shombo ya sangara.
Bwana Luo hunifundisha kwa chaki
juu ya mlango wa friza.

Kwetu, nilimwambia, neno ni moja: naweza.
Akalipasua mara tatu, kama samaki:
huì, umejifunza, mwili unajua;
néng, nguvu zipo, na leo mkono hauumi;
kěyǐ, mwenye mlango amekubali.

Nikajaribu. Kuogelea: huì, tangu utoto, Igombe.
Leo, na homa hii: bù néng.
Pale penye bango la bandari: bù kěyǐ.
Akaigonga friza kwa furaha.

Kisha akaja na lililoninyima usingizi:
kitenzi huku, matokeo yake kule,
na katikati upenyo wa kineno kimoja.
Kàn de jiàn: tazama, pata, ona.
Kàn bu jiàn: tazama, si, ona.
Macho yako kazini, kuona hakujafika.
Ná bu dòng: shika, si, sogea.

Nikasema, hata sisi tunacho, ila tunakibandika mkiani.
Haubebeki.
Lawama tunautwisha mzigo, si mbebaji.
Akaliandika, akasahau h.

Jumatano Mama Nyanzala alishuka kutoka Ukara
na mabondo ya wiki mbili ndani ya ndoo ya rangi.
Mjomba Malongo akapima.
Kidole chake kilikuwa chini ya sinia,
kinaliinua kidogo, kwa adabu,
kama mtu anayemshika mgonjwa.

Mjomba ndiye aliyenitafutia kazi hii.

Kàn de jiàn.
Shuō bu chū: sema, si, toka.
Ulimi ninao, na lugha mbili juu yake.
Huì. Néng.
Nikautazama mlango wa friza.
Mwenye mlango ni nani?

"Mwanangu," alisema Mama Nyanzala, si kwa mjomba, kwangu,
"nyumbani nilipima. Haya ni makavu, hayapungui njiani."

"Lǎobǎn," niliita.
Sauti nyembamba, toni zote zimepinda.
Neno la kidole likanipotea kabisa.
Nikainua changu.

Sinia likashuka. Gramu mia na arobaini.

Bwana Luo hakusema kitu; alifuta ubao wake wa friza
kwa kiganja, polepole, akaandika uzito upya.

Imepita miezi miwili.
Jumapili nampelekea mjomba muhogo na dagaa.
Sahani inapokelewa.
Salamu yangu haipokeleki.