Mtungi Mtupu

Gesi imetuishia chai haijachemka.
Nashuka kihorini, mtungi mtupu miguuni,
gunia la nguo, na orodha ya mke wangu
nyuma ya risiti: viazi, hamira, bawaba mbili.

Dalcahue. Mvua ya hapa hainyeshi, inakaa.
Maji yamekupwa; ngazi ya gati,
jana jioni vidato vitatu,
leo kumi na tisa, na vya chini vina mwani
unaoteleza kama mlenda.

Bi Eduvina, dobi, huuliza kila wiki:
"Mngalipo?"
Tungalipo. Tulikuja kwa siku tatu, mwezi wa Machi.
Sasa anazijua soksi zetu kwa idadi,
na ile isiyo na mwenzake.

Duka la gesi limefungwa.
La viazi pia. Hata mbwa wa sokoni hayupo.
"Wanamzika Nolberto."
Nolberto yupi?
"Wa mashua ya kome. Yule mnayepungiana mikono."

Miezi minane ya mkono juu, mkono chini,
na jina nalipokea leo
kama chenji iliyochelewa.

Anafunga mlango, twaenda pamoja,
mimi na buti za mpira, mtungi begani
kwa kuwa sina pa kuuacha.

Narudi maji yamejaa, vidato viwili tu.
Sina gesi. Sina hamira.
Chupa ya chai ya Eduvina i kwapani, moto bado.
Mke wangu anyoosha mkono apokee kamba:
"Mbona umekawia?"

Namwambia jina kwanza.